Tundu la milimita 7 linaloamua hatima ya kalamu ya mbao

KALAMU ya mbao inapopasuka mkononi mwa mnunuzi, lawama aghalabu huangukia mti. Yupo atakayedai kuwa mti ulikuwa mbichi, na yupo atakayesema gundi ilikuwa hafifu. Ni nadra mtu kuuliza jinsi tundu lililo ndani ya kalamu hiyo lilivyotobolewa.

Ilhali tundu hilo, ambalo halionekani kamwe kalamu ikishakamilika, ndilo linaloamua mambo mengi: iwapo mbao zitashikamana na chuma, iwapo nusu mbili za kalamu zitalingana, na iwapo kalamu yenyewe itadumu msimu mmoja au miaka mingi.

Utengenezaji wa kalamu za mbao ni kazi ndogo kwa kipimo, lakini ina manufaa yake kwa fundi wa Kenya. Kalamu moja huhitaji kipande ambacho seremala au mchongaji vinyago angekitupa motoni. Haihitaji ghala wala gari la kuibeba. Mtalii huitia mfukoni, na mzazi humzawadia mwanawe siku ya kufuzu.

Hata hivyo, mnunuzi huyo ana biro ya plastiki ya bei nafuu katika kila duka. Jina hilo la biro lenyewe limetokana na László Bíró, Mhungaria aliyesajili uvumbuzi wake wa kalamu ya gololi katika miaka ya 1930. Anayekubali kulipa zaidi ya bei ya biro huwa ananunua kazi ya mkono, na hatasamehe kazi ya mkono iliyolegea. Kalamu moja ikimvunjikia, harudi tena.

Ndiyo maana hatua ya kutoboa, ambayo huchukua dakika chache tu, yastahili kueleweka vyema kuliko hatua nyingine yoyote ya kazi hii.

Kalamu ilivyoundwa

Fundi wa kalamu hatengenezi kila kitu kwa mikono yake. Sehemu za chuma, yaani ncha, kifaa cha kuzungusha ili wino utoke, kibanio cha mfukoni na mirija ya shaba ya manjano, huuzwa zikiwa seti moja. Kazi ya fundi ni kuivika mirija hiyo vazi la mbao.

Katika kalamu nyembamba iliyo maarufu zaidi miongoni mwa wanaoanza, huwa kuna mirija miwili. Kila mmoja una kipenyo cha nje cha milimita 7, na urefu wake unazidi kidogo milimita 50. Mmoja hukaa katika nusu ya chini ya kalamu na mwingine katika nusu ya juu.

Kipande cha mbao kinachotumiwa kwa kawaida kina upana wa milimita 19 kila upande, sawa na robo tatu ya inchi, na urefu wa milimita 127, yaani inchi 5. Kipande hicho hukatwa mara mbili, kila nusu ikatobolewa kati kwa urefu wake, kisha mrija ukatiwa ndani na kushikizwa kwa gundi.

Baada ya hapo nusu hizo hupachikwa kwenye kerezo na kukerezwa hadi mbao zibaki kama ganda jembamba lililouzunguka mrija. Mahali ambapo mbao hukutana na sehemu za chuma, unene wa ganda hilo huwa chini ya milimita 1.

Mwishowe sehemu za chuma husukumwa kwa nguvu ndani ya mirija. Hakuna skrubu wala gundi hapo. Zinashikwa kwa kubanwa tu. Nguvu hiyo yote hupokewa na mrija, kisha mrija huipitisha kwa gundi na kwa lile ganda la mbao lisilofika milimita moja.

Basi ikiwa mrija haukukaa sawasawa ndani ya tundu, ni hapo ambapo ufa wa kwanza huzaliwa.

Umbo hufuata tundu

Wanaoanza kazi hii huhangaika mno kutafuta kitovu kamili cha kipande cha mbao. Huchora mistari miwili kutoka pembe hadi pembe, kisha hufadhaika tundu likisogea kidogo kutoka mahali mistari ilipokutana. Hofu hiyo kwa kiasi kikubwa haina msingi.

Kerezo halijali kitovu cha mbao. Kipande hushikwa kwa ufito wa chuma unaopita ndani ya mrija, na kwa hivyo kila kitu huzunguka kwa kufuata tundu. Tundu ndilo mhimili, na sehemu ya nje hukatwa kuuandama mhimili huo.

Hesabu yake ni nyepesi. Kutoka kitovu cha kipande cha milimita 19 hadi ukingoni ni milimita 9.5. Tundu likisogea milimita 2 upande mmoja, bado husalia milimita 7.5 katika upande ulio mwembamba. Kalamu yenye kipenyo cha milimita 12 huhitaji milimita 6 tu. Mbao zipo za kutosha, na hakuna atakayetambua.

Makosa yanayoiangamiza kalamu ni mengine, nayo ni matatu.

La kwanza ni tundu kwenda mshazari. Biti, yaani kile chuma chenye mifereji kinachotoboa, ikiinama digrii 1 pekee, huwa imepotoka takriban milimita 1 inapofika kina cha milimita 60. Ikiinama digrii 3, hupotoka zaidi ya milimita 3. Kwa kuwa kerezo hufuata tundu, nyuzi za mti sasa hukatwa kimshazari. Badala ya nyuzi ndefu zinazokwenda sambamba na kalamu, ganda hubaki na nyuzi fupi zilizokatikakatika, nazo hazina nguvu. Isitoshe, michirizi ya nusu ya juu hailingani tena na ile ya nusu ya chini.

La pili ni tundu kupinda. Mrija wa shaba umenyooka, na haupindi. Ukisukumwa katika tundu lililopinda, hukwama katikati gundi ikiwa tayari imeanza kushika.

La tatu ni tundu kuwa pana kupita kiasi, hasa mdomoni. Biti ikiyumba inapoanza kukata, mlango wa tundu hutanuka kama mdomo wa tarumbeta. Mrija basi hushikwa vyema katikati, ilhali kwenye ncha zake huegemea gundi peke yake. Nazo ncha ndizo zinazopokea nguvu yote wakati sehemu za chuma zinaposukumwa ndani.

Jicho pekee halitoshi

Uchongaji wa Wakamba, unaohusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kutoka kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ni sanaa ya tezo na jicho. Mchongaji hutazama, hupunguza, kisha hutazama tena. Twiga akiwa na shingo ndefu kuliko wenzake, bado ni twiga.

Kalamu haina uhuru huo. Mrija uliotengenezwa kiwandani kwa kipimo cha milimita 7 haubadiliki ili kumfurahisha fundi. Hivyo mchongaji stadi anayeingia katika kazi hii hulazimika kuongeza kipimo juu ya jicho lake. Chombo cha kupimia vipenyo, kinachoitwa venia na mafundi wengi, ni cha lazima kama vile tezo ilivyo ya lazima kwa kinyago.

Mti ukauke kwanza

Kabla ya kutoboa, mti sharti uwe mkavu. Mbao zinapopoteza maji husinyaa, na husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Shaba haisinyai kwa kukauka. Ganda la mbao mbichi lililovikwa mrija basi hujibana kuuzunguka siku baada ya siku, na lisipoweza kujibana zaidi hupasuka.

Fundi hahitaji kifaa cha ghali ili kujua iwapo mti umekauka. Mizani ndogo ya kidijitali inatosha. Kipande hupimwa na uzito wake kuandikwa ubavuni kwa penseli pamoja na tarehe. Hupimwa tena kila baada ya wiki moja. Maadamu uzito unapungua, maji bado yanatoka. Uzito ukitulia kwa wiki kadhaa, kipande kimekauka kulingana na hewa ya mahali hapo.

Kipande cha mpingo cha kipimo kilichotajwa hapo juu huwa na ujazo wa takriban sentimita 46 za ujazo, na uzito wa karibu gramu 55 hadi 60 kikiwa kikavu. Mpingo ni mzito kuliko maji, na ukitupwa ndani yake huzama. Mti ulioshikana kiasi hicho hukauka polepole mno, na ukiharakishwa juani au karibu na moto hupasuka kuanzia kwenye ncha. Ndiyo sababu mafundi hupaka nta kwenye ncha za vipande ili maji yatoke taratibu kupitia ubavuni.

Hewa ya mahali pia ina neno. Kipande kilichotulia Mombasa, penye unyevu mwingi, kitapoteza maji zaidi kalamu itakapofikishwa Nairobi, au katika nyumba za Ulaya zinazotiwa joto majira ya baridi. Anayewauzia wageni hana budi kukausha vipande vyake zaidi ya anayemuuzia jirani.

Biti na ukali wake

Biti ya mifereji inayozunguka kama parafujo ni uvumbuzi wa Mmarekani Stephen Morse, aliyeusajili mwaka 1863. Mifereji hiyo haikati chochote. Kazi yake ni kuupandisha juu unga unaotoka chini ya tundu. Kinachokata ni kingo mbili zilizo kwenye ncha.

Kingo hizo lazima ziwe na urefu sawa. Mmoja ukiuzidi mwenzake, labda kwa sababu biti ilinolewa kwa mkono bila uangalifu, biti huzunguka kwa kuyumba na tundu huwa pana kuliko kipenyo kilichoandikwa. Hili ndilo chimbuko la matundu mengi yaliyolegea, na wengi hulidhania kuwa kosa la mashine.

Zipo biti za mbao zenye msumari mdogo katikati ya ncha. Msumari huo hutangulia kuingia na kuizuia biti isiteleze, hasa pale nyuzi za mti zinapokuwa na sehemu ngumu na laini zilizopakana. Kwa mti kama mzeituni mwitu, ambao nyuzi zake hujipinda, msaada huo si haba.

Namba iliyoandikwa kwenye biti isiaminiwe bila kujaribiwa. Fundi hutoboa kwanza kipande cha taka cha mti uleule, kisha hujaribu mrija. Mrija mkavu unapaswa kuingia kwa msukumo mwepesi wa kidole gumba, bila kugongwa na bila kucheza. Jaribio hilo lifanywe kwa mti uleule kwa sababu biti moja inaweza kuacha tundu la kubana katika mpingo na la kulegea katika mgrevilea.

Kushikilia kipande

Mkono wa binadamu hauwezi kushikilia drili wima kwa kina cha milimita 60. Anayetumia drili ya mkononi hana budi kuifunga kwenye stendi inayoiteremsha kwa njia iliyonyooka. Drili ya kusimama, inayopatikana katika karakana nyingi za jua kali, ni bora zaidi, almradi meza yake iwe imekaa sawa.

Kuichunguza meza hiyo ni jambo rahisi. Kwanza umeme huzimwa na waya wa drili kuchomolewa ukutani. Kipande cha waya mgumu hukunjwa mara mbili mfano wa mpini wa keekee, ncha moja hufungwa mahali pa biti, na ncha ya pili huachwa iguse meza pembeni. Kishikio cha biti huzungushwa kwa mkono. Ncha ya waya ikiugusa uso wa meza kwa wepesi uleule katika mzunguko wote, meza iko sawa. Ikikwaruza upande mmoja na kuachana na meza upande wa pili, meza imeinama na yafaa irekebishwe.

Kipande nacho hufungwa kwenye jiriwa, kamwe hakishikwi kwa vidole. Jiriwa yenye mfereji wa umbo la V katika taya zake hukishika kipande cha mraba kwa pembe zake na kukiweka wima chenyewe. Asiye na jiriwa ya namna hiyo anaweza kuchonga mfereji huo katika vipande viwili vya mbao ngumu na kuvitia kati ya taya za jiriwa ya kawaida.

Kwa mwenye kerezo, iko njia nyingine ambayo mafundi wengi huipendelea. Kipande hufungwa kwenye kichwa cha kerezo na kuzungushwa, huku biti ikiwa imetulia na kusukumwa polepole kutoka upande wa pili. Kipande kinapozunguka badala ya biti, biti huelekea kuufuata mhimili wa mzunguko, na tundu hunyooka zaidi. Njia hii pia hufaa biti zinapokuwa ndefu na nyembamba, kwani hizo hupinda upesi.

Kutoboa hatua kwa hatua

Kwanza kipande hukatwa nusu mbili, kila moja ikizidi urefu wa mrija kwa milimita chache. Kabla ya kukata, mstari mmoja huchorwa ubavuni kuvuka mahali pa kukatia. Mstari huo ndio utakaomwonyesha fundi baadaye jinsi ya kuzikutanisha nusu hizo ili michirizi ya mti iendelee kana kwamba haikukatwa. Kila nusu hutobolewa kuanzia upande uliokatwa.

Pili, kitovu hutiwa alama kwa msumari au kwa ncha kali ili biti ipate pa kutua. Milimita chache za mwanzo ndizo muhimu zaidi. Biti ikianza kwa kuyumba, haitajinyoosha ndani. Kwa hiyo huteremshwa taratibu mno mpaka ncha yote iwe imezama, ndipo msukumo uongezwe.

Tatu ni mwendo. Kwa biti ya milimita 7 na mti mgumu kama mpingo, mizunguko 500 hadi 1,000 kwa dakika inatosha. Anayezidisha mwendo akidhani ataokoa muda huishia kuuchoma mti.

Nne, biti hutolewa nje kila inapoingia milimita 6 hadi 10, na unga uliojaa mifereji kupanguswa kwa brashi mashine ikiwa imezimwa. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi na ndiyo inayoharibu zaidi. Unga ukikosa njia ya kutoka, hujikusanya, husuguana na kuta za tundu na kuzalisha joto. Mbao hazipitishi joto kwa urahisi, na kwa hiyo joto hilo husalia palepale. Kuta za tundu hukauka ghafla, husinyaa na kupata nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Nyufa hizo ndizo hujitokeza miezi kadhaa baadaye.

Harufu ya kuungua au moshi mwembamba ni onyo la kusimama na kuiacha biti ipoe. Haraka haraka, kama ilivyo ada, haina baraka.

Tano ni kutokea upande wa pili. Biti inapokaribia kutoka, mbao chache zilizosalia chini yake husukumwa nje na kumeguka. Dawa yake ni kuweka kipande cha taka chini ili mti uegemee, au kutotoboa hadi mwisho: biti husimamishwa ikiwa imepita urefu wa mrija, kisha ncha isiyotobolewa hukatwa kwa msumeno. Ndiyo sababu kipande kilikatwa kirefu kidogo kuliko mrija.

Mrija, gundi na kiazi

Mrija mpya wa shaba huwa laini na wenye mng'aro, na gundi haishiki vyema juu ya mng'aro. Husuguliwa kwa msasa hadi ufifie, kisha hupanguswa. Tundu nalo husafishwa unga wote.

Gundi ikiingia ndani ya mrija, sehemu za chuma hazitaingia. Mafundi wana mbinu ya kale kwa tatizo hili: ncha ya mrija hudidimizwa katika kisahani cha kiazi kibichi, nacho hukata kizibo kidogo kinachokaa ndani ya mrija. Gundi ikishakauka, kizibo husukumwa nje.

Gundi zinazotumiwa sana ni mbili. Supagluu hushika kwa sekunde chache, na pengine hushika mrija ukiwa nusu njia. Gundi ya kuchanganya sehemu mbili, inayoitwa epoksi, huchukua muda mrefu zaidi lakini hujaza nafasi ndogo kati ya mrija na mbao. Ipi iliyo bora ni suala la mazoea. Lililo wazi ni kuwa hakuna gundi inayoweza kulifanya tundu lililopinda linyooke.

Mrija huingizwa kwa kuzungushwa ili gundi isambae pande zote, na huachwa ndani kidogo ya ncha zote mbili za mbao.

Gundi ikikauka, ncha za mbao husawazishwa hadi zifike usawa wa mrija na ziwe mraba kamili na tundu. Kipo kikataji maalumu chenye ufito unaoingia ndani ya mrija, na kwa hiyo hukata kwa kulifuata tundu lenyewe. Ncha isipokuwa mraba, sehemu ya chuma hukaa upande, na mwanya mwembamba huonekana. Ikilazimishwa zaidi ili mwanya uzibike, ganda hupasuka.

Usalama wa fundi

Miwani ya kukinga macho huvaliwa wakati wote. Vumbi la miti migumu, mpingo ukiwemo, huweza kuwasha ngozi na kusumbua pumzi, kwa hivyo barakoa ni ya lazima na madirisha hufunguliwa.

Glavu hazivaliwi mbele ya biti au kerezo linalozunguka, kwani zikinaswa huvuta mkono. Mikono mirefu ya shati hukunjwa, nywele hufungwa, na mikufu huvuliwa.

Thamani ya kipande kimoja

Inakadiriwa kuwa mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa. Mti huo, ambao mwingi huvunwa Tanzania na Msumbiji, ndio unaotengenezewa zumari za klarineti na obo duniani. Kuanzia Januari 2017 jamii ya miti ya Dalbergia, ambamo mpingo umo, iliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa CITES. Mwaka 2019 masharti yalilegezwa kwa bidhaa zilizokamilika, iwapo uzito wa mbao hizo hauzidi kilo 10 katika shehena moja. Anayenuia kuuza nje ya nchi yampasa kuuliza kwanza kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, linalosimamia mkataba huo nchini.

Wachongaji wa pwani wamekuwa wakihimizwa tangu miaka ya 1990 kugeukia mwarobaini, mwembe na mgrevilea, miti inayokua upesi na kupandwa mashambani. Miti hiyo yote hufaa kwa kalamu. Hufaa zaidi kwa mwanafunzi, ambaye atakosea mara nyingi kabla mkono wake haujatulia, na ambaye hana haki ya kujifunzia kwenye mti wa karne nzima.

Siku tundu litakapokataa, fundi ataligundua kosa mapema ikiwa atautia mrija mkavu kabla ya kugusa gundi. Mrija ukikwama, biti ipitishwe tena taratibu. Mrija ukicheza, kishawishi kitakuwa kujaza nafasi kwa gundi nyingi na kuendelea, kwa kuwa hakuna atakayeona.

Kipande hicho kiwekwe kando, kitumiwe kujaribia biti inayofuata. Hasara yake ni gramu chache za mbao na dakika chache za kazi. Kalamu iliyofichiwa kosa humrudia aliyeiuza.